Sauti Moja kwa Wanawake Wote

Gidion alikuwa na sauti nne za wanaume na sauti moja ya wanawake. Nazijua kwa sababu nilizisikia mwenyewe, ingawa mimi si mpenzi wa mabanda ya video, na sioni haya kusema kwamba mengi ya wakati ule yalistahili kufungwa. Lakini banda la Bi Maulida pale Elerai lilikuwa na heshima yake. Jumamosi mchana hakukuwa na ngumi wala mambo ya aibu. Ilionyeshwa tamthilia ya Wazungu wa zamani, yenye magauni ya kuburuza, farasi, na jumba kubwa lenye ngazi. Wanawake walitoka mbali, hata Lemara, kuja kuitazama.

Mfasiri alikuwa Gidion, mtu wa Nkoaranga. Awali alikuwa mhudumu katika hoteli ya umma mjini. Hoteli ilipouzwa, mwenye mali mpya akaja na wahudumu wake, Gidion akabaki na shati jeupe na Kiingereza cha kupokelea wageni. Soko huria liliwanyang'anya wengi kazi. Yeye lilimnyang'anya trei likampa kipaza sauti. Alikaa kando ya runinga akifasiri papo kwa papo.

Bwana mwenye jumba alipewa sauti nzito. Wakili alisemea puani. Mtunza farasi alikuwa na lafudhi ya Kimeru kabisa, na watu walicheka mpaka mabenchi yakayumba. Ila kwa wanawake, awe malkia au mpishi, ilikuwa sauti ile ile nyembamba, kama ya mtu anayeomba maji ya kunywa. Na maneno yao aliyakata. Mjane wa lile jumba angeweza kuhutubia sebule nzima, naye Gidion akafasiri: "Sawa, shemeji."

"Gidi wee!" alipaza sauti Tunu, muuza vitenge asiyekosa benchi la mbele. "Mdomo umecheza muda wote huo, ndiyo hiyo tu?"

"Kizungu kina maneno mengi, dada Tunu. Mimi nawapa nyama, mifupa nimewaachia wenyewe."

"Lete na mifupa, meno tunayo!"

Siku moja nilimwuliza kwa nini anamfupisha yule mjane wa jumba.

"Mwalimu, wanawake wa zamani ndivyo walivyokuwa. Wapole."

"Mbona huyu anapiga meza?"

"Anaipiga kwa upole."

Nilimwambia kwamba kumwekea mtu maneno asiyoyasema ni uongo, hata kama mtu huyo ni wa kwenye picha. Akacheka, akaenda kurudisha mkanda nyuma.

Mwaka huo dada yake, Anande, akafiwa na mumewe huko Nkoaranga. Arobaini haijapita, shemeji yake Aminieli, ndugu wa marehemu, akaanza kutembea katika shamba lao la kahawa akitazama mipaka. Alidai shamba ni la ukoo, mjane abaki na nyumba na migomba ya uani. Kikao kikapangwa Jumapili baada ya ibada. Kwa desturi ya ukoo ule mjane hakusema kikaoni. Alisemewa na kaka yake. Kwa hiyo Jumamosi Anande akashuka mjini, na nguo zake nyeusi, kumweleza Gidion la kusema. Alimkuta kazini, akaketi nyuma kumsubiri.

Mchana huo, kwenye tamthilia, shemeji wa mjane alikuja na karatasi ya kumtoa kwenye jumba. Mjane akasimama. Akamwonyesha dirishani mashamba na kaburi la mumewe, akasema, akasema, kisha akaichukua karatasi akaichana. Hakuna aliyehitaji Kiingereza hapo. Gidion akafasiri kwa ile sauti nyembamba: "Shemeji, mimi ni mwanamke tu, amua unavyoona."

Banda likalipuka.

"Muongo! Ameichana!" alisema Tunu. "Anayekubali anachana karatasi?"

"Amechana kwa uchungu wa kukubali."

Hata Bi Maulida mlangoni alicheka akajishika mbavu. Anande hakucheka.

Onyesho lilipokwisha walikutana nje, nami nikiwa hapo hapo.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Umekula? Haya, niambie, kesho niseme nini?"

"Kesho njoo, kaka. Lakini usiseme. Nitasema mimi."

"Wazee hawatakubali! Anande, yale ya ndani ni ya kuchekesha watu."

"Yule mama amesema yote, nimemwona. Wewe ukampa shemeji yake shamba. Yeye ana mashamba mengi, mimi ninalo moja."

Ya kikaoni alinisimulia Gidion mwenyewe. Mzee Elihuruma, aliyeongoza kikao, alimgeukia. "Haya, dada yako anasemaje?"

Gidion akasimama, akakohoa, akaona jinsi Anande anavyomtazama. "Yupo hapa, mzee. Mwulizeni."

"Tangu lini?" aliruka Aminieli.

"Tangu ameulizwa," alijibu mzee. "Sema, mama."

Anande akasema. Alitaja miche aliyoipanda na marehemu, maji aliyoyapandisha kutoka mtoni mwaka wa ukame, na sehemu ya ardhi ya ukoo aliyogawiwa Aminieli, ambayo alimwuzia mfanyabiashara wa mjini bila kumwuliza mtu. Hapo wazee wakakohoa. Alisema kwa muda mrefu, tena kwa sauti yake, ambayo Gidion anakiri ni nzito kuliko ya kwake. Aminieli akajaribu kuingilia: "Kwa kifupi anataka..." Gidion akamwambia akae, hajamaliza.

Shamba likabaki kwa Anande. Aminieli akapewa ng'ombe mmoja na mizinga ya nyuki, akaondoka bila kungoja chai.

Kahawa ilikuwa imeiva. Jumatatu asubuhi Anande aliingia shambani na kikapu, na kwenye mstari wa pili wa mibuni alikuwapo Gidion, ambaye hakuwa amechuma kahawa tangu alipojifunza kufunga tai, akilalamikia mgongo. Anande alimwambia achume nyekundu tu, aache maneno.