Maji ya Kumwosha Emi

Mwanabaraka, mzaliwa wa Lamu, alikuwa mwosha maiti wa kike katika msikiti mmoja wa Houston. Kazi yake ya kila siku ilikuwa kuhudumia wazee. Simu ikija kwamba mwanamke fulani amefariki, aliomba ruhusa kazini, akachukua kanga zake, akaenda.

Alipanga Gulfton, mtaa wa Houston wenye majengo yaliyosongamana. Mlango wa pili alikaa Haitham, Mzanzibari dereva wa lori, na mkewe Emi, Mjapani aliyesilimu. Emi alifundishwa Kiswahili na mama mkwe wake, kwa hiyo alizungumza kama bibi wa Unguja. Haitham akiwa safarini, Emi alishinda jikoni kwa Mwanabaraka.

Siku moja bomba la jikoni lilikuwa linavuja.

"Sikiliza, dada," Emi akasema. "Hiyo kwetu ni potapota."

"Kwetu ni ndo, ndo, ndo."

Emi akalifungua kidogo, maji yakatoka kama uzi. "Sasa chorochoro."

"Hizo choroko nitakupikia Ijumaa, na nazi."

Emi alicheka mpaka akashika meza. Kisha akaeleza kwamba kwao kila mwendo wa maji una neno lake, na watoto huyajua maneno hayo kabla ya kujua kuandika. Mvua kubwa inayomwagika ni zaazaa. Kijito cha maji safi kinachopita juu ya mawe bila haraka ni sarasara. Nyuma ya nyumba yao ya utotoni kilipita kijito kama hicho, na neno hilo alilitamka taratibu kuliko mengine. Mwanabaraka naye akampa chururu na chubwi. Ikawa ndio mchezo wao.

Baadaye Emi aliomba kwenda kusaidia kuosha maiti ya bibi mmoja. Chumba cha kuoshea kina meza ya chuma na mpira wenye kichwa kama cha bafu. Maji hutoka kwa nguvu, yakipiga chuma husikika chumba kizima. Emi alifanya kila alichoambiwa, lakini walipotoka alikuwa amesawijika.

"Dada, mimi usinioshe kwa mpira ule. Ni zaazaa, kama mtu ameachwa nje kwenye tufani. Mimi nimwagie kwa kopo. Sarasara."

"Mimi ndiye mkubwa. Utanizika wewe."

"Niahidi."

"Haya, nimeahidi. Sasa nyamaza, usituletee uchuro."

Wakati ule Emi alikuwa mzima. Mwaka uliofuata akaonekana na ugonjwa wa ini. Hapo Mwanabaraka ndipo alipofunga mdomo kabisa. Kwao, kumtajia mtu mazishi ya mgonjwa wake ni kumwombea kifo, kwa hiyo Haitham hakuambiwa neno. "Mtu mkewe anapumua, nimwendee niseme nimeshachagua kopo?" aliniambia baadaye.

Mimi nakaa mtaa wa Vickery Meadow, Dallas, jengo moja na Yumna, binti wa Mwanabaraka. Yumna alipojifungua, Mwanabaraka hakutaka kuondoka Houston. Emi ndiye aliyemsukuma. Alikuwa amepata nafuu, anakula, anatembea mpaka kwenye maegesho. "Nenda kamlee mzazi," alimwambia. "Mimi sijambo."

Mwanabaraka alikuwa bado analea Dallas pale Haitham alipopiga simu baada ya sala ya alfajiri, akasema Emi ametangulia na atazikwa Adhuhuri.

"Nakuja, shemeji," Mwanabaraka akasema. Hakuongeza neno. Aliona haina haja, maana Houston nzima wanajua nani huosha. Haitham, kwa upande wake, alielewa anakuja kuhani.

Mimi ndiye niliyeendesha gari. Tulipopita nusu ya njia mvua ikamwagika, na mbele yetu magari yakasimama kwa sababu ya ajali. Mwanabaraka alipiga simu ya Haitham tena na tena, haikupokewa.

"Wataningoja," aliniambia.

"Watangoja, dada."

"Wewe huendeshi?"

"Gari la mbele halisogei."

Tulipofika msikitini, wanawake walikuwa wanatoka chumba cha kuoshea wakikausha mikono. Bi Mwanaidi, aliyewaongoza, alimkumbatia.

"Tumemsafisha vizuri, mwenzangu. Usiwe na wasiwasi, maji tele."

"Kwa mpira?"

"Sasa kwa nini kingine?"

Emi alikuwa ameshakafiniwa. Maiti aliyeoshwa vizuri haoshwi tena, na hilo Mwanabaraka alilijua kuliko wote. Walimfunulia uso. Akautazama, akasoma dua, akamfunika yeye mwenyewe.

Jioni, kwenye matanga, alimweleza Haitham ahadi ile ya kopo.

"Mbona hukuniambia? Ningewasimamisha watu wote."

"Niliogopa uchuro, shemeji."

"Na mimi niliona una mzazi mkononi, nikasema nisikutese. Nikawaita wengine."

Hakuna aliyemlaumu mwenzake. Ingekuwa afadhali wangelaumiana.

Kesho yake Haitham alitupeleka makaburini. Kwetu kaburi jipya hunyunyiziwa maji, na Mwanabaraka aliomba afanye yeye. Akachukua dumu la maji garini, akainama, akamimina kidogo kidogo, mkono umetulia kama wa mtu anayemwosha mtoto. Lakini udongo wa Houston ni mzito, na mvua ya jana ilikuwa imeushibisha. Maji hayakuzama wala hayakutiririka. Yalitanda tu juu ya tope, bila sauti. Akashusha dumu karibu zaidi na ardhi, akajaribu tena.

"Ndivyo alivyotaka?" Haitham akauliza.

"Hapana, shemeji," akasema. "Sivyo."