Dada Yangu na Simu Iliyoachwa

Dada yangu mkubwa ni kiziwi tangu utotoni. Hakupelekwa shule, kwa hiyo hasomi. Lugha yake ni ishara tulizozitunga wenyewe nyumbani kijijini Yakobi, na tangu mama afariki nimebaki peke yangu ninayezielewa zote.

Nilipohamia Makambako kushona nguo, nilimnunulia simu janja. Kila Jumapili baada ya ibada tulipigiana kwa video. Alinionyesha viazi alivyovuna, kisha akawasengenya majirani kwa vidole hadi nikatokwa machozi kwa kucheka.

Jumapili moja hakupatikana. Nikampigia wifi yangu, anayeishi naye. Akasema kwenye kioo kumetokea maandishi kwamba programu tuliyopigiana nayo video haitafanya kazi tena kwenye simu hiyo. Nikamwomba aipeleke kwa fundi mjini Njombe. Fundi alinipigia mwenyewe.

"Simu ni nzima, mama. Betri inakaa vizuri tu. Ila walioitengeneza waliacha zamani kuiletea masasisho, na bila hayo programu mpya haziikubali."

"Niliinunua mpya dukani. Hata miaka mitatu haijaisha."

"Kwako ilikuwa mpya. Toleo lenyewe lilishakaa sana sokoni, na hakuna anayelazimika kukuambia."

Nasikia kuna nchi ambako sheria inamtaka mtengenezaji aendelee kuihudumia simu miaka kadhaa, tena ihesabiwe tangu siku anapoacha kuiuza. Boksi la simu yangu lilisifu kamera na ukubwa wa kioo. Mwisho wake halikuutaja. Ningeujua, ningejipanga.

Ilikuwa Januari, sare za shule zimejaa mezani, sikuweza kuondoka. Nikamwomba wifi amweleze dada.

"Nimejaribu," alisema. "Hanielewi. Jumapili anavaa kilemba cha kanisani, anaiegemeza simu kwenye kikombe, anakaa mbele yake."

"Anakaa mpaka saa ngapi?"

"Usiniulize, wifi."

Wiki ya tano nilikwenda na simu nyingine. Nilimkuta anapalilia viazi. Aliniona, akainama, akaendelea na jembe. Nilipomgusa bega na kuanza kueleza, alifumba macho. Tangu tukiwa wadogo hiyo ndiyo ilikuwa njia yake ya kukataa kusikia.

Nilisimama pale kwenye matuta hadi alipofumbua. Akaniuliza kwa mikono amenikosea nini.

Sikuwa na ishara ya kampuni, wala ya masasisho. Niliinyooshea kidole simu ya zamani mfukoni mwake, nikafuta hewa kwa kiganja: imekwisha. Akaitoa, akaibonyeza, kioo kikawaka vizuri kabisa. Akaniinulia usoni nikione.

Nikachukua jembe, nikamalizia tuta lake huku nalia, naye akitazama upande wa pili.

Simu mpya aliipokea, na Jumapili anajibu. Ananionyesha kwamba amekula, kwamba yu mzima. Kuwasengenya majirani ameacha. Nikianza habari zangu anatikisa kichwa mara moja mbili, halafu anakata.