Kesho na Koti la Kijivu

Alipokuwa na miaka sita, mama yake akimtuma dukani alijibu, "Kesho." Akiambiwa aoge, "Kesho." Jina likamganda, mpaka walimu wakawa wanamwita hivyo. Alipofikisha miaka arobaini na mitatu, ana upara unaoanza kwa mbele na cheti cha ufundi wa majokofu, mtaani kwao alikuwa bado ni Kesho. Wala halikumkera. Yeye alilichukulia kama sifa ya mtu asiye na papara.

Alirudi nyumbani Jumatatu moja saa nne asubuhi, ana begi na sanduku la vifaa, akamwambia mama yake kuwa amekuja kupumzika kidogo. Uongo mtupu. Alikuwa amekuja kumchukua mwanamke aliyemwacha miaka kumi na minne iliyopita, na njia nzima alikuwa akipanga maneno. Kwa mpango wake, mwanamke angelia kidogo, yeye angemfuta machozi, kisha mambo yangeendelea pale pale yalipoishia. Kwamba miaka imepita upande wa pili pia, hilo halikumjia kichwani. Kwake kila alichokiacha kilikuwa kama kimewekwa kwenye jokofu, kikimsubiri afungue mlango.

Tumcheke kidogo, tunaruhusiwa, ila tusimalize kicheko chote sasa hivi.

Mara ile ya zamani, alipomwacha, ilikuwa hivi. Siku ilikuwa Jumamosi, saa nane mchana, na Kesho alitakiwa kwenda kwao msichana kujitambulisha. Mama yake na mjomba wake walitangulia. Yeye angefuata akishanyoa nywele. Viti vilipangwa, wazee wakaketi, chai ikachemka na kupoa na kuchemshwa tena, na Kesho hakutokea. Baada ya wiki moja ukaja ujumbe kutoka mji wa mbali: aliitwa kazini ghafla, jokofu la dawa katika hospitali fulani lilikuwa limezima, na dawa za wagonjwa zilikuwa hatarini. Ilikuwa habari nzuri, ya kishujaa kabisa. Aliisimulia mara nyingi mno, hadi mwenyewe akaiamini.

Msichana wa siku ile sasa alikuwa fundi cherehani mwenye duka lake, chumba kimoja cha dirisha kubwa kati ya duka la dawa na kinyozi. Ndani kulikuwa na cherehani mbili, pasi nzito, kioo kirefu chenye ufa kwenye kona, benchi la wateja, na vifungo vilivyopangwa kwa rangi katika makopo ya maziwa ya unga. Mtaa mzima ulimwita Dada Fundi. Alivaa miwani, utepe wa kupimia ukiwa shingoni saa zote, na alikuwa na tabia ya kushika pini kwa midomo huku akiongea, jambo lililowatia wateja wake hofu.

Kesho aliingia siku ya pili, amejipulizia manukato mpaka kinyozi wa jirani akachungulia. Dada Fundi alimtazama juu ya miwani. Akamtambua, hilo lilionekana wazi, kwa sababu mguu wake ulisimama kwenye kanyagio. Kisha akasema kama anavyomwambia yeyote, "Karibu. Kushona au kurekebisha?"

Maneno yote aliyoyapanga yakayeyuka. "Kurekebisha," akasema, na papo hapo akagundua kuwa hana nguo yoyote ya kurekebisha. "Nimeisahau nyumbani. Naileta sasa hivi."

Akarudi nyumbani mbio. Akaketi kwenye kitanda chake cha utotoni, ambacho usiku kiliacha miguu yake ikining'inia nje, akachukua wembe, na mwanamume mzima, fundi wa watu, akaanza kukata mshono wa suruali yake mwenyewe.

Ndivyo ulivyoanza mchezo. Jumanne ilikuwa suruali, Ijumaa kwapa la shati, wiki iliyofuata mfuko wa koti la kazini na suruali nyingine mbili. Mama yake aliyekuwa akimfulia akashangaa. "Mwanangu, hizi nguo unazivalia wapi, kwenye miiba?"

"Vitambaa vya siku hizi, Mama. Hovyo kabisa."

Kila akipeleka nguo, alikaa kwenye benchi akisubiri ishonwe, na akisubiri aliongea. Alieleza kiwanda cha barafu alichokiokoa, bosi aliyemwonea wivu, mwanamke mmoja aliyeishi naye miaka miwili, ambaye hakumwelewa, na mwingine ambaye hakumwelewa vilevile. Dada Fundi alishona. "Eeh," alisema. "Kumbe." "Haya." Kesho alizihesabu zile kumbe zake, na kila moja aliiona kama hatua ya kwenda mbele.

Wiki ya tatu mambo yalinoga. Dada Fundi alitoa kwenye msumari koti la kijivu lisilo na bitana bado, mikono imeshikizwa kwa uzi mweupe. "Hebu simama," akamwambia. "Nataka nilione likiwa mwilini."

Kesho akasimama mbele ya kioo. Koti likakaa mabegani kwake kama limezaliwa naye. Vidole vya mwanamke vilipita kwenye kola, vikashuka mgongoni, vikachoma pini hapa na pale, na Kesho akaishiwa na pumzi. Ina maana bado anavikumbuka vipimo vyangu, akajiambia. Miaka kumi na minne, na bado anavikumbuka.

Nyumbani alishindwa kujizuia. "Ananishonea koti," alimwambia mama yake.

Mama aliacha kukunja shuka. "Amekwambia ni lako?"

"Mambo mengine hayasemwi, Mama."

"Mwanangu, umemuuliza…" alianza mama, lakini mwanawe alikuwa ameshaingia bafuni, anaimba.

Alhamisi akaitwa tena kulijaribu koti. Alisimama wima, kifua mbele, akajitazama na kujipenda. Ila mikono ya koti ilimfunika viganja mpaka nusu. "Huku umezidisha," akasema kwa upole wa mtu anayesamehe kosa dogo. "Punguza vidole viwili."

"Haijazidi," alijibu Dada Fundi, pini mdomoni. "Mwenyewe ana mikono mirefu."

"Mwenyewe nani?"

Mwanamke akazitoa pini mdomoni moja moja, akazichomeka kwenye kifuko chake. "Mchumba wangu. Anaendesha malori ya safari ndefu, hawezi kufika mpaka siku mbili kabla ya arusi. Mabega yenu ni sawasawa. Nilidhani unajua, maana mtaa mzima unajua."

Kesho alipigwa na butwaa, yuko ndani ya koti la mwanamume mwingine. Akafanya alilozoea kufanya akibanwa: akalaumu. "Hukuniambia!"

"Hukuniuliza." Hakupaza sauti. "Umekaa kwenye benchi hilo wiki tatu. Nimejua bosi wako anavaa soksi za rangi gani. Wewe hujaniuliza hata kama baba yangu yu hai. Alifariki mwaka wa tano tangu uondoke."

"Pole," akasema Kesho, na neno likatoka dogo sana.

"Asante. Halafu hizi nguo zako." Akaokota suruali aliyokuja nayo Kesho siku hiyo, akaifungua pale palipoharibika, akamsogezea machoni. "Nguo ikichanika, nyuzi zinabaki na ndevu, zinavutika. Zako zote zimekatwa sawasawa kwa wembe. Nilijua tangu siku ya kwanza."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nasubiri useme wewe. Nilijua umekuja kwa ajili ya siku ile. Nikasema moyoni, leo ataomba radhi. Asipoomba leo, ataomba Ijumaa. Sikuwa nataka kingine." Akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa gauni. Macho yake hayakuwa na machozi yale ambayo Kesho alikuwa amekuja kuyafuta. Yalikuwa yamechoka tu. "Jumamosi saa nane nitalijaribisha mara ya mwisho, nikunje upindo. Ukiweza, njoo. Kama huwezi, niambie sasa nitafute mtu mwingine. Ila usiniweke tena nikisubiri."

"Nitakuja," alisema Kesho, kwa sauti ya mtu anayetafuta mlango.

Nyumbani alinuna kwa namna ambayo hata mtoto wa miaka saba angeona haya. Alikataa kula. Alijifungia chumbani, akamwona Dada Fundi kuwa mkatili, dereva kuwa mwizi, mtaa mzima kuwa wanafiki. Ijumaa asubuhi alitoa begi uvunguni, akaanza kupanga nguo zake, karibu zote zimeshonwa upya vizuri kuliko zilivyokuwa zikitoka dukani.

Mama akaja akasimama mlangoni. Alikuwa amezeeka, na Kesho hakuwa ameliona hilo mpaka alipomwona ameushika mwimo wa mlango ili asimame.

"Unaondoka."

"Nimepata simu ya kazi, Mama. Kuna jokofu…"

"Basi ngoja nikuombe kitu kimoja." Mama alikuja akaketi kitandani, taratibu, akishika goti. "Ukiondoka, pita kwake umwambie mwenyewe. Mara ile nilikaa mimi. Nilikaa kwenye kile kiti tangu saa nane mpaka saa kumi na mbili, wazee wananitazama, mjomba wako anatazama sakafu. Kila baada ya muda nasema, yuko njiani, mwanangu hawezi kuniacha hapa. Nilikuwa hata nimenunua viatu vipya, vya buluu. Sijavivaa tena tangu siku hiyo." Akalainisha shuka kwa kiganja. "Ulivyosema ni mambo ya hospitali, nikashukuru. Nikawatangazia watu wote. Sasa miguu haina nguvu tena, mwanangu. Safari hii sitaweza kwenda kukusemea."

Hakulia, wala hakugomba. Aliinuka, akaenda kuanika nguo.

Kesho alibaki na shati mkononi. Aliona aibu, aibu ya kweli, ile isiyotafuta wa kumsukumia. Miaka yote alikuwa amejihurumia kwa kumpoteza mpenzi, na hakuwa amewahi kujiuliza ni nani aliyekikalia kile kiti mchana mzima kwa niaba yake. Begi likakaa wazi kitandani mpaka jioni. Hakulifunga, na hakulipakua pia. Tusidanganyane: mtu habadiliki kwa siku moja, na usiku ule bado alikuwa na nauli mfukoni.

Jumamosi saa nane kasoro dakika tano alikuwa mlangoni pa duka. Hakujipulizia manukato. Hakuwa na nguo iliyochanika.

Dada Fundi alitazama saa ya ukutani, kisha akamtazama yeye. Akachukua koti, sasa lina bitana na vifungo, akamvisha.

"Nyoosha mikono. Usijikunje."

Kesho akanyoosha mikono. Fundi alipiga magoti nyuma yake, akaanza kupima upindo kwa chaki. Kwenye kioo Kesho aliweza kuona utosi wake tu, nywele tatu nne za mvi.

"Siku ile hapakuwa na jokofu," akasema.

Chaki ikasimama.

"Nilishanyoa. Nilivaa, nikaja mpaka kona ya kwenu. Nikaona viatu vya wazee mlangoni, jozi tisa, nilizihesabu. Nikaogopa. Nikaenda kwa rafiki yangu mtaa wa pili, tukacheza karata mpaka giza likaingia. Na nilishinda, unajua? Nilikuwa nacheka." Akashusha mikono kidogo, akainyoosha tena. "Vya Mama vilikuwepo. Vya buluu, vipya. Nilivitambua, nikajua yumo ndani ananingoja, na nikageuka hivyohivyo. Naomba radhi. Hukustahili kufanyiwa vile."

Nje kinyozi alikuwa akikung'uta kitambaa.

"Nilidhani pengine ulinitazama vizuri ukaona sifai," alisema Dada Fundi hatimaye. "Miaka mingi nilidhani hivyo."

"Hapana. Nilitazama viatu tu."

Mwanamke akacheka, kicheko kifupi kilichomponyoka, akakifuta kwa kiganja pamoja na kitu kingine machoni. Kisha chaki ikaendelea. "Mama yako anajua kuwa uliviona?"

"Hajui."

"Geuka nimalizie mbele."

Akageuka. Alisimama karibu saa nzima, bila benchi, bila hadithi, mpaka visigino vikamuuma. Dereva mwenye mikono mirefu angependeza, hilo lilikuwa wazi, na Kesho alihisi uchungu wake wote bila kumkasirikia mtu. Ilipokwisha alivua koti kwa uangalifu asing'oe pini, akalitundika, akafunga kifungo cha juu ili lisilegee.

"Upendeze siku yako," akamwambia.

"Asante kwa kuja," alijibu Dada Fundi.

Alipofika nyumbani mama yake alikuwa kwenye ngazi ya mlangoni, anachambua mchele kwenye sinia, miguu yake iliyovimba ameinyoosha juani. Kesho hakupita kwenda chumbani. Aliketi ngazi ya chini yake, akaishika ile miguu, akaipakata.

"Mama," akasema, "vile viatu vyako vya buluu, siku ile niliviona."