Tundu Lililoachwa Wazi

Nilirudi Mombasa kutoka Ghuba na diploma ya usanifu wa nguo na mashine ya tarizi inayoongozwa na kompyuta. Vyote nilivipata kwa jasho langu, bila mjomba wa kunishika mkono. Hapa Kibokoni hakuna mwengine mwenye mashine kama ile, na sichoki kulisema. Mengine yote yamenichosha.

Bwana harusi mmoja aliniletea kofia kuukuu yenye ua la vitundu lililoshonwa kwa mkono, akataka arubaini za ua lile lile kwa nikaha yake ya Ijumaa. Nikaipiga picha, nikaiingiza kwenye kompyuta. Kufikia Jumanne zote zilikuwa tayari, nikazipanga dirishani watu wazione.

Jirani yangu, mama anayeshona kofia tangu sijazaliwa, akapita, akasimama hapo dirishani. Akachukua moja, akaweka kidole kwenye kitundu kimoja kisichozungushiwa uzi.

"Hapa mbona umeacha, bwana diploma?"

"Ndivyo ilivyo ile ya mfano, mama."

"Najua. Niliyeacha ni mimi. Katika kila kofia yangu huacha kimoja, nijue ni yangu." Akazitazama zile nyingine. "Mashine yako imenitilia sahihi mara arubaini."

Chuoni nilisoma haki za wabunifu, na mtihani ule niliongoza darasa. Nikamwomba ruhusa ya kulitumia ua lake, nimeshachelewa.

"Ua hili nilimchorea marehemu mume wangu," akasema. "Alipofariki nguo zake ziligawiwa, na kofia ikaenda. Kofia niliitoa, mwanangu. Ua sikulitoa."

Ningeweza kuzipeleka harusini hivyo hivyo, nani angenishtaki? Lakini mlango wake unatazamana na wangu, na kila asubuhi ni lazima tusalimiane. Nikazitia zote katoni. Nikaketi kuchora ua langu mwenyewe, kazi ambayo sikuwa nimeifanya tangu chuoni. Siku mbili macho yaliniwasha, mgongo ukakaza, na mashine ikawa inakata uzi kila nikiigeuzia kisogo.

Alhamisi alasiri bwana harusi alizipokea arubaini mpya akiwa amenuna, maana ua si lile alilolitaka. Yule mama akaja kuiangalia moja ya ziada niliyobaki nayo.

"Hili lako?"

"Langu, mama."

"Laonekana. Lafanana na pangaboi."

Akacheka, akavuka njia kurudi kwake. Nikalitazama vizuri. Ni pangaboi kweli, feni ya darini na mapanga yake. Lakini ni langu, na Kibokoni nzima hakuna mwengine mwenye kama hilo. Nikafunga duka, nikaenda kulala.