Ufadhili wa Yatima Mwenye Baba

Baba alirudi nyumbani mchana wa jua kali, mwezi wa tisa, mimi na mama tukiwa shambani tunang'oa miti ya pamba tuichome. Bodaboda ilisimama pale njia yetu inapoachana na barabara ya Bariadi, akashuka mtu mwembamba aliyevaa koti zito kwenye joto lile. Hakuanza kutembea. Alishika kifua kwanza, akakohoa mpaka akainama. Mama aliinua uso akamtazama, na jembe likamtoka mkononi.

"Mwadila," yule mtu akasalimia kwa Kisukuma, kama jirani anayepita.

Nilimwona mama anarudi nyuma taratibu, kiganja mdomoni, na hofu yake ikaniingia hata kabla sijajua ninachokiogopa.

Baba alikuwa marehemu. Aliondoka kwetu, pande za Mwamapalala, nikiwa darasa la tatu, mwaka ambao mvua ilikatika mapema na pamba ikakauka ikiwa na vitumba. Alikwenda machimbo ya dhahabu. Nikiwa darasa la sita akaja mtu aliyekuwa akichimba naye, akakaa kwenye kigoda bila kugusa uji aliopewa, akasema duara, lile shimo lao la kuchimbia, limetitia, watu wamefukiwa, na baba alikuwemo. Mwili haukupatikana. Tuliomboleza bila kaburi. Tulinyolewa nywele, mtendaji wa kata akaandika barua, na baba mdogo akahangaika na ofisi za mjini mpaka cheti cha kifo kikatoka.

Cheti hicho ndicho kilichonifungulia njia. Nilipofaulu kidato cha sita na kupata nafasi chuo kikuu, shirika moja lililokuwa na ofisi mjini Bariadi lilikuwa likisomesha yatima wa familia zisizojiweza. Wangenilipia ada, hosteli na chakula, mwanzo hadi mwisho. Nilikuwa nimeshachaguliwa. Mkopo wa serikali sikuomba, kwa kuwa shirika lilitaka mtu achague njia moja, na muda wa kuomba ulikuwa umepita. Kilichobaki ni ofisa wao kuja kuona tunavyoishi.

Na sasa baba alikuwa amekaa nyumbani, anakunywa maji kwa kikombe cha plastiki.

"Sikuwa shimoni siku ile," alisema, macho yakiwa chini. "Nilishahama, niko machimbo mengine. Baadaye nikasikia kwamba nimekufa. Nikajiuliza, nirudi na nini? Mikono mitupu? Nikaona labda kwenu ni nafuu hivyo."

"Nafuu," mama alirudia. Alikuwa amesimama mlangoni, nusu ndani nusu nje. Tangu baba afike hakuwa amemsogelea hata mara moja. Alikuwa akisukuma sahani mpaka katikati ya mkeka, kisha anarudi mlangoni.

Baba mdogo aliitwa, akaja na baiskeli yake. Nilitegemea atalia, au atamkumbatia kaka yake. Alimshika baba bega, akaliminya kama anayehakikisha ni nyama, kisha akageuka kunitazama mimi.

"Nani mwingine amemwona?"

"Yule wa bodaboda," nikasema. "Ni wa mjini, hamjui mtu huku."

"Basi sikilizeni." Alifunga mlango. "Huyu ni marehemu. Na marehemu abaki marehemu mpaka mtoto afike chuo. Wale watu wakijua, ufadhili umekwenda. Tena hawataishia hapo. Watasema tumeghushi. Cheti nilikifuatilia mimi, na maelezo alitoa shemeji. Tutafungwa wote wawili, na huyu binti atarudi kung'oa pamba za watu."

Nilimtazama baba nikidhani atakataa. Alitikisa kichwa kukubali, polepole.

"Nimekuwa marehemu muda wote huo," alisema. "Nitashindwa siku hizi chache?"

Wadogo zangu wawili walipelekwa kwa shangazi, huko Mwanhuzi, kesho yake asubuhi, wasije wakaropoka kisimani. Baba alihamia chumba cha ndani tulichokuwa tukihifadhia magunia. Kilikuwa na kidirisha kidogo, nacho tulikiziba kwa kanga. Hapo ndipo yalipoanza maisha ya kusikiliza. Mtu akikohoa kwenye nyumba ya bati na ukuta wa udongo, njia nzima inasikia. Mama alianza kutwanga mahindi hata yasiyohitaji kutwangwa. Mimi niliwasha redio tangu asubuhi, na betri zilipochoka niliimba nyimbo za kwaya kwa sauti, mpaka jirani mmoja akaniambia nimefurahi sana kwenda chuo. Nilimjibu ndiyo, nimefurahi.

Kikohozi chake nilikifahamu kama mtu anavyofahamu hatua za mnyama. Kilianza na mkwaruzo mdogo, kikatulia, ukadhani kimepita, kisha kikaja chote. Katikati ya ule mkwaruzo na kikohozi chenyewe moyo wangu ulikuwa unasimama. Siku moja nilikuta kitambaa chake kina damu. Alikikunja haraka.

"Ni vumbi la kule," alisema. "Litatoka lenyewe."

"Twende hospitali, baba."

"Hospitali wataniuliza jina."

Alilisema bila uchungu, kama mtu anayetaja bei ya chumvi. Nilitoka nje nikakaa kwenye kivuli cha ukuta.

Ofisa wa shirika alikuja siku ya Alhamisi. Alikuwa mama wa makamo, mpole, amevaa viatu vya chini vilivyojaa vumbi letu jekundu. Alisalimia "Mwangaluka, mayu," kwa lafudhi ya mtu aliyejifunza kwa heshima, na mama akaitika. Tulimpa kiti chetu cha plastiki hapo uani. Baba mdogo alisimama nyuma ya mama kama mlinzi.

Aliuliza mambo ya kawaida. Tunalima nini, maji tunachota wapi, wadogo zangu wanasoma darasa gani. Mama alijibu akitazama mikono yake. Kisha yule mama akanigeukia.

"Unamkumbuka baba yako?"

Nilifungua mdomo. Na hapo ndipo nilipousikia ule mkwaruzo.

Sijawahi kuogopa vile, si kabla ya siku ile wala baada yake. Nilisema "namkumbuka kidogo" kwa sauti kubwa isiyofaa, nikaanza kueleza kwamba alikuwa mrefu, kwamba alipenda michembe, vile viazi vilivyokaushwa, chochote kilichonijia kinywani, lakini kikohozi kilikuja tu, kirefu, na kanga ya dirishani ikacheza.

"Nani anaumwa?" aliuliza yule mama.

Baba mdogo akapiga hatua mbele.

"Ndugu yetu, ametokea mbali. Ana kifua kikuu, mama, usimsogelee."

"Anatumia dawa?"

"Anatumia."

"Ngoja basi nimpe pole hapa dirishani." Alianza kuinuka.

"Hapana!" Ilikuwa sauti ya mama. Wote tulimgeukia. Alikuwa amesimama. "Hapana. Amelala. Mwache alale."

Yule mama alimtazama kwa muda, kisha akanitazama mimi. Akakaa. Aliuliza maswali mengine mawili matatu, akaagana nasi kwa adabu, akapanda gari. Baba mdogo alishusha pumzi, akacheka peke yake, akampiga baba bega kupitia dirishani. "Imekwisha hiyo!"

Haikuwa imekwisha. Usiku ule na kesho yake baba alishindwa kula. Alikuwa amejiziba mdomo kwa koti muda wote wa ugeni, akijaribu kukizuia kikohozi, na juhudi hiyo ilikuwa imepasua kitu ndani. Jumamosi asubuhi nilimkuta ameegemea magunia, midomo imekuwa na rangi ya majivu, anavuta hewa kwa mabega. Aliponiona alijaribu kutabasamu. Nilielewa wakati ule, kwa uwazi ulionitia baridi, kwamba atakufa humo ndani, na kwamba tukimzika tutamzika kama mgeni asiye na jina, kwa sababu jina lake lilishatumika.

Nilitoka nikamwita mwenye bodaboda wa senta. Mama alinikuta namfunga baba koti.

"Unampeleka wapi?"

"Bariadi, hospitali."

"Wakikuuliza jina?"

"Nitawaambia."

Nilidhani atanizuia. Alisimama pale, kisha kwa mara ya kwanza tangu baba arudi akamsogelea, akamshika chini ya kwapa, akanisaidia kumwinua. Hakumwachia mpaka tulipompandisha bodaboda.

Tulikwenda mshikaki, baba katikati, mimi nyuma nimemkumbatia asianguke. Nilihisi mbavu zake zote. Kila tulipopita kituo cha askari barabarani nilifumba macho, nikikumbuka maneno ya baba mdogo. Pale dirishani hospitalini muuguzi akauliza, "Jina la mgonjwa?" Nilimtazama baba. Alitazama sakafu. Nikalitaja, majina yote matatu. Muuguzi aliandika, akasema "mpelekeni kule," na hakuna kilichotokea. Ukuta haukuanguka.

Alilazwa. Daktari alisema ni kifua kikuu kweli, juu ya mapafu yaliyokwisha kuharibiwa na vumbi la machimbo. Dawa zingeua ugonjwa. Vumbi lingebaki.

Jumatatu nilikwenda ofisi ya shirika kwa miguu kutoka hospitalini. Nilikuwa nimepanga maneno njiani, lakini yule mama aliponikaribisha yalinitoroka yote.

"Yule mgonjwa wa ndani ni baba yangu," nikasema.

Aliweka kalamu chini. "Baba yako yupi?"

"Mwenye cheti."

Nilimweleza yote. Hakunikatiza. Nilipomaliza nilikuwa nalia, na nilimwomba jambo moja tu, kwamba kama ni kufungwa wasimfunge mama, kwa sababu alipotoa yale maelezo aliamini kweli kwamba ni mjane.

"Nilijua pale kuna kitu," alisema. "Mama yako hakuwa anaogopa ugonjwa." Kisha akaongeza, si kwa ukali, "Ufadhili wako ulikuwa wa yatima. Siwezi kukuficha, nausimamisha leo. Nitawaandikia wakubwa. Sijui watasema nini, na sitakudanganya kwamba najua."

Nilirudi hospitalini nikamwambia baba. Aligeukia ukutani.

Siku zilizofuata ndizo zilizokuwa ngumu kuliko zote, kwa sababu hakukuwa tena na cha kuficha, kulikuwa na kungoja tu. Kijiji kilipata habari. Wengine walikuja kumshangaa, wengine walikaa mbali. Bibi mmoja aligoma kabisa kumpa mkono. Mtendaji wa kata alikuna kichwa, akasema anajua namna ya kuandika aliyekufa, ila aliyerudi hajapata kuandika, labda tuulize wilayani. Baba mdogo hakuongea nami. Kila gari lililopunguza mwendo barabarani nilidhani ni polisi. Wenzangu waliochaguliwa nami walikuwa wameshaondoka, wananitumia picha za hosteli zao. Nilizifuta bila kuziangalia vizuri.

Simu ilipokuja nilikuwa napepeta mtama. Yule mama alisema wamenikubali upya, si kama yatima, bali kama mtoto wa mzazi mgonjwa asiye na uwezo. Wangelipa ada na hosteli. Chakula nijitafutie. Kuhusu cheti, walikuwa wameridhika kwamba hatukukitafuta kwa hila. Tukamalize na serikali wenyewe.

"Umesikia?" aliuliza.

"Nimesikia. Wabeja, mama," nikamshukuru kwa Kisukuma.

Nilikaa chini kwenye mtama. Nilitegemea furaha, lakini kilichokuja ni hofu nyingine, ya kwamba kilichoondolewa mara moja kinaweza kuondolewa tena.

Niliondoka siku chache baadaye, masomo yakiwa yameshaanza. Baba alikuwa amerudi nyumbani, anameza vidonge vyake kila asubuhi mbele ya mama, aliyekuwa akimsimamia kwa ukali. Mama ndiye aliyenisindikiza stendi ya Bariadi. Tulipokuwa tunangoja basi nilimuuliza kama bado anamwogopa.

Alifikiri. "Mchana siogopi," alisema. "Nikimkuta amelala ndiyo naogopa. Huwa nasimama nasikiliza kama anahema."

Basi likaja, akanipandishia begi, akashuka.

Mwaka ule wa kwanza nilifanya kazi ya kuosha vyombo kwenye mgahawa wa chuo ili nile. Nilifaulu, mwaka wa pili nikafaulu tena. Baba yuko hai hadi ninapoandika haya. Hawezi kushika jembe, lakini huanika pamba na huzozana na wadogo zangu. Mimi hadi leo namba nisiyoijua ikinipigia huacha iite kwanza, ndipo nipokee.