Mama Mteremko na Mashine Mbili

Anayekuja uani kwangu kununua pikipiki ya matairi manne hufanya mambo matatu. Hupiga tairi teke, huuliza inakimbia kiasi gani, kisha huiwasha na kupanda nayo kilima kilicho nyuma ya ukuta. Akifika juu bila kusukumwa hurudi anacheka, na mtu anayecheka hapunguziwi bei. Katika miaka yote ya biashara hii nimepata mteja mmoja tu aliyeanza kwa kuuliza, "Kushuka je?"

Huyo ndiye Mama Mteremko. Jina alipewa na waongozaji wenzake wa kule msituni. Miaka kumi na minne amewaongoza wageni kwenye njia za milimani, yeye mbele kwenye mashine ya kampuni ya utalii, wao nyuma yake kwenye zao wamejipanga kama vifaranga. Mgeni akimwuliza kama njia ni ngumu, humjibu, "Kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma," kisha huvaa helmeti yake na maelezo yameishia hapo. Anaamini kwamba kupanda hakumfundishi mtu kitu, kwa sababu anayepanda ni injini. Mteremkoni ndipo mtu na mashine wanapojuana tabia.

Alifika Jumatano asubuhi, mvua ikiwa imekatika punde tu. Alikuja na binti yake, fundi cherehani, ambaye alikuwa bado ana utepe wa kupimia shingoni. Nadhani alifunga duka kwa haraka, kabla mama yake hajatoroka peke yake.

Niliijua shida yao kabla hawajakaa, maana mama alinisalimia kwa mkono wa kushoto.

Mwaka juzi mashine ya mgeni mmoja ilianza kulala ubavu kwenye mteremko wa mawe. Mama Mteremko akaruka na kuizuia kwa bega la kulia. Mgeni alipona, mashine ikapona, bega likachomoka. Lilirudishwa mahali pake, lakini tangu hapo, akishindana siku nzima na usukani mgumu wa ile mashine kuukuu ya kampuni, jioni mkono hauvuki kidevu. Kitambaa cha kichwa anafungwa na binti yake kama mtoto wa chekechea. Sasa kampuni nayo ilikuwa imetangaza kuwa inauza mashine zake zote. Msimu ukifunguliwa Jumamosi, mwongozaji aje na mashine yake mwenyewe, au akakae kwenye dirisha la tiketi.

"Dirisha lina kivuli," binti aliniambia, kana kwamba mimi ni hakimu. "Lina kiti. Lina feni. Hebu na wewe mwambie."

"Mimi siuzi viti, dada."

Mama yake akacheka. "Umemsikia? Huyu anajua kazi yake." Kisha akanigeukia. "Tumekubaliana hivi, mimi na huyu. Nitajaribu mashine zako mbili za kati, ile nyekundu na ile ya kijani. Nikirudi nikivua helmeti yangu mwenyewe na kufunga kitambaa changu mwenyewe, nanunua. Nikishindwa, karatasi ya dirisha iko mkobani mwake na kalamu iko humo humo."

"Na ukishindwa, mimi nimepata nini?"

"Umepata kutembelewa na watu wa maana."

Mashine zenyewe zilikuwa hivi. Injini zao zilikaribiana, si za kuchezea na si za kuvuta magogo, na zote zilivuta kwa magurudumu yote manne. Nyekundu ilikuwa nyepesi, nyembamba na fupi. Ilipita kati ya miti miwili ambapo ile nyingine ingesimama kwanza kufikiri. Springi zake zilikuwa ngumu, na usukani wake ulikuwa chuma kitupu. Gurudumu likipigwa na jiwe, habari inakufika begani. Ya kijani ilikuwa nzito kuliko mwenzake kwa uzito wa mtu mzima aliyeshiba. Magurudumu yake ya nyuma kila moja lilipanda jiwe lake bila kumsumbua jirani, na usukani ulikuwa na mota ndogo ya kumsaidia dereva kukata kona. Ukiachia mafuta mteremkoni, injini yenyewe inaishika mashine isikimbie. Lakini kona ya kuizungusha ilitaka uwanja, na ilikunywa mafuta kama mgeni asiyeona haya.

Sitaficha kitu. Nilitaka kuuza nyekundu. Ilikuwa imekaa uani hadi kuku wa jirani wakaiona ni yao. Ya kijani ningeiuza siku yoyote kwa wakulima wa kule juu. Basi nikaisifu nyekundu: wepesi wake, rangi yake, na winchi niliyoifunga mbele ili ivute macho.

"Kizuri chajiuza," akasema bila kunitazama.

"Na kibaya chajitembeza, najua. Lakini hii imesimama, mama, haijatembea popote."

"Wewe ndiye unayeitembeza."

Akaiwasha nyekundu akaondoka. Mimi na binti tulipanda ngazi hadi juu ya kontena langu la vipuri, ambako njia yote huonekana: mpando, kilele, mteremko wa mawe, kona ya miti miwili, kijito, kisha kurudi. Fundi wangu naye akatufuata. Tunamwita Kimya, kwa sababu tangu nimwajiri sijawahi kumsikia akinyamaza.

Ilipanda kama mbuzi. Kwenye miti miwili ilipita bila hata kupunguza mwendo, na Kimya akapiga makofi. Lakini kabla ya hapo, kwenye mawe, niliona viwiko vya yule mama vikitupwa huku na huku, kila jiwe likimtikisia usukani kama mtu anayemdai jibu.

Alirudi uso umewaka. "Inacheza hii! Jamani, inacheza!"

Nilishaandaa maneno ya kufungia biashara. Akainua mkono wa kulia kufungua mkanda wa helmeti. Mkono ukafika kifuani, ukasimama. Akajifanya anapangusa tope kwenye koti.

Binti akamfungulia helmeti. Aliivuta karatasi nusu kutoka mkobani, akamtazama mama yake, akairudisha.

"Bado moja," mama akasema.

Aliketi juu ya tairi kuukuu saa nzima, bega limepumzika, akizungumza na Kimya, yaani akimsikiliza. Kisha akapanda ya kijani.

Haikufika nusu ya kilima. Injini ilinguruma hadi ndege wakaruka mitini, lakini mashine ikasimama pale pale, kisha ikaanza kurudi nyuma. Akaibana breki, akaigeuza taratibu, akashuka nayo hadi uani. Harufu ya mpira ulioungua ikamtangulia.

Nilijua tatizo kabla hajazima. Muuza mashine yeyote angejua. Nikanyamaza. Mashine iliyoshindwa mbele ya mteja ilikuwa inaniuzia ile nyingine, na hata kama hanunui yoyote, ya kijani bado ilikuwa na wakulima wake.

"Basi, Mama," binti akasema kwa upole. Sasa karatasi ilitoka yote, na kalamu juu yake. "Umejaribu. Hakuna atakayesema hukujaribu. Twende nyumbani."

Mama hakushuka. Alikuwa amekaa pale juu ya kiti, ananusa.

"Muuzaji."

"Naam, mama."

"Hii mashine imeoga leo?"

"Tumeisafisha kidogo. Kwa heshima yako."

"Mmeisafisha kwa kitambaa, au kwa maji ya presha?"

Nilimtazama Kimya kwa jicho ambalo mbwa angelielewa. Kimya si mbwa.

"Presha, mama! Tena kubwa kabisa. Ilikuwa na tope mpaka kwenye kiti, nikaingiza mpira kule chini ya pa kukanyagia, kwenye yale matundu ya hewa, nikapiga, nikapiga, mpaka bosi mwenyewe akasema leo umefanya kazi."

Alisema kweli. Nilimsifu. Ndilo kosa la watu wa biashara yangu: tunauza kwa macho, kwa hiyo tunaosha hata pale pasipotaka maji.

Mama Mteremko akashuka. Akaichukua ile karatasi mkononi mwa binti yake, akaitandika juu ya tope, akapiga magoti juu yake.

"Mama! Ndiyo fomu hiyo!"

"Naiona. Ina karatasi nzuri, nene. Kimya, nipe bisibisi."

Alipapasa chini ya kifuniko cha upande, akapata kizibo kidogo, akakifungua. Maji yakamwagika, kikombe kizima na zaidi, yakapita karibu na viatu vyangu.

"Humu ndani unakaa mkanda unaozungusha magurudumu," akamweleza binti yake, bado amepiga magoti. "Ukilowa unateleza. Injini inapiga kelele, magurudumu hayana habari. Mashine ni nzima, mwanangu. Imeloweshwa tu." Akainua uso kwangu. "Ulijua."

Kumdanganya mtu mwenye bisibisi mkononi ni kupoteza muda wa wote wawili. "Nilijua."

"Ukataka uniuzie yule mbuzi mwekundu."

"Ndiyo."

"Na bega langu?"

"Bega lako halikuwa kwenye bei, mama."

Binti alinitazama kama nguo iliyokatwa vibaya. Lakini mama yake alicheka hadi akashika ubavu. "Afadhali huyu," akasema. "Wengine wangeniapia."

Akaiwasha mashine, akaiacha ingurume bila gia hadi mkanda ukauke, akarudisha kizibo, akaenda tena. Sisi tukapanda tena kontena.

Mpando ilimaliza bila haraka. Kisha ikafika kwenye mawe, nami nikaona jambo ambalo sijaliona kwa mteja mwingine: aliachia mafuta, na mashine ikashuka jiwe kwa jiwe kama mtu mnene anayeshuka ngazi huku ameshika ukuta. Viwiko vyake havikurushwa. Kwenye miti miwili ilikwama, kama nilivyojua. Akarudi nyuma, akakata, akarudi tena, akakata, akapita. Nyekundu ingeshafika nyumbani na kuoga. Yeye alivuka kijito kana kwamba siku yote ni yake.

Aliingia uani, akazima. Hata Kimya alinyamaza, na hilo nililiandikia tarehe.

Mkono wa kulia ukapanda. Ukapita kifua, ukafika kidevuni, vidole vikatafuta kifungo. Kikafunguka. Akaivua helmeti kwa mikono miwili na kuiweka juu ya kiti. Kitambaa kilikuwa kimeteremka shingoni. Akakivuta juu, akapeleka mikono yote kisogoni, akauma mdomo kidogo, akafunga.

Binti alisogea, mkono umeshanyooka kurekebisha. Akausimamisha njiani.

"Fundo limekaa upande," akasema.

"Limekaa?"

"Limekaa, Mama."

Akageuka kidogo akapangusa uso kwa ncha ya ule utepe wake. Mimi nikatafuta spana isiyokuwa imepotea.

"Haya," Mama Mteremko akaniambia, "sasa tuongee mimi na wewe. Huu mkanda mmeshauunguza. Nataka mpya, na mwingine wa akiba."

"Wa akiba unauzwa."

"Na maji yaliyouharibu huu, niliyaagiza mimi? Mikanda miwili. Halafu ile winchi."

"Ile ni ya nyekundu, mama."

"Nyekundu ni mbuzi. Mbuzi winchi ya nini? Mimi ndiye mwenye gari zito na wageni wa kuwavuta kwenye matope."

"Mama, ukiondoka na winchi, nitabaki na nini?"

"Utabaki na jina. Jumamosi saa mbili nina wageni wanane, na kila mmoja ataniuliza nimenunua wapi. Niwaambie 'kwa yule bwana wa maji ya presha', au niwaambie 'kwa mtu mwaminifu', chagua mwenyewe."

Nimeanza biashara hii na spana moja ya kuazima, na nimewashinda wanunuzi waliokuja na wanasheria. Siku hiyo nilinyolewa bila maji. Kimya alifungua winchi huku anaimba.

Tulipomaliza kupeana mikono, wa kulia safari hii, tukamtafuta binti. Alikuwa amekaa juu ya nyekundu. Ameushika ule utepe wake, anapima kutoka kwenye kiti hadi kwenye usukani, midomo inahesabu.

"Natazama tu," akasema haraka. "Kama inamfaa mtu wa kimo changu."

Nilifungua mdomo kuisifu. Mama yake akanipiga jicho. Nikaufunga.

"Duka lako la nguo je?" mama akamwuliza.

"Duka halifunguliwi Jumapili." Akaukunja utepe. "Na wewe kule juu mtu wako wa kukufuata nyuma huna. Bega moja, Mama. Likichomoka tena, nani atajua?"

Mama akaiokota ile karatasi kwenye tope, yenye alama mbili za magoti, akaitazama, akaipa Kimya afutie mikono.

"Kimya ataipandisha mpaka kileleni," akasema. "Kushuka utashuka wewe. Mimi nitakuwa mbele yako, pole pole. Ukiogopa, achia mafuta na utazame mgongo wangu."

Walikwenda. Nilipanda kontena peke yangu. Ya kijani ilitangulia kuteremka, na kila baada ya jiwe niliona kile kitambaa chenye fundo la upande, chini ya helmeti, kikigeuka kutazama nyuma. Nyekundu ilifuata kwa woga, kama mtu aliyevaa viatu vipya, Kimya akikimbia pembeni anatoa ushauri ambao hakuna aliyeuomba. Kwenye miti miwili nyekundu ilipita moja kwa moja, na sauti ya msichana ikapasua bonde: "Mama! Mama, umeona?"

Zilipofika kijitoni nilishashuka ngazi na kuingia ndani ya kontena kutafuta winchi nyingine ya kufunga kwenye nyekundu. Nimemjua mama yake, na najua ataiulizia.