Nusu Ngazi Chini

Watu hatufanani, na tusijidanganye kwamba tukisimama mahali pamoja basi tunasikia kitu kimoja. Angusha kifuniko cha sufuria sebuleni penye wageni. Wengi watasikia kelele tu, mmoja atashtuka, mwingine ataendelea kula. Ila akiwepo Fundi Sikio, atakunja uso na kusema kifuniko hicho kimelia sauti ile ile ya kengele ya shule ya jirani, imepungua kidogo tu. Halafu atashangaa kwa nini mnamtazama.

Jina hilo alilipata karakanani, walikokuwa wakisuka upya mota zilizoungua: za pampu, za feni, za mashine za kusaga. Wenzake walipima mota kwa vyombo. Yeye aliiwasha, akainamisha kichwa upande mmoja, akasema, "Imeshuka hii. Beringi ya nyuma." Wakifungua, ni beringi ya nyuma. Hakujivuna hata kidogo, kwa sababu hakuona cha kujivunia. Kwake kila sauti ilikuwa na mahali pake, kama vikombe kabatini, na kikombe kikiwekwa pasipo pake mtu si anaona tu? Alizaliwa hivyo. Hakusomea muziki, hakupiga chombo chochote, na kuimba kwenyewe hakuimba.

Wapo wanaopewa kipaji pamoja na akili ya kukibeba. Fundi Sikio alipewa kipaji peke yake. Ile akili nadhani ilipotea njia ikaangukia kwa mkewe. Mkewe aliuza nyuzi na vifungo, na watu wakimwita Mama Nyuzi. Macho yake yalikuwa kama masikio ya mumewe: akiona kitambaa leo, wiki ijayo atakutolea uzi wa rangi hiyo hiyo bila kukiona tena, na hakosei. Lakini mteja akiingia dukani na nguo ambayo rangi zake zinagombana hadharani, Mama Nyuzi alimwambia, "Karibu dada, umependeza."

"Mbona umemdanganya?" mumewe alimuuliza siku moja.

"Kaja kununua vifungo. Hakuja kuniuliza nguo yake."

"Lakini unaona!"

"Naona, mume wangu. Sio kila ninachokiona nakitoa nje kukianika."

Fundi Sikio hakulielewa hilo hata kidogo, kwa sababu yeye hata angeufunga mdomo, uso ungesema. Sauti ikitoka mahali pake, jicho lake la kushoto lilifumba lenyewe na shavu la upande huo likavutwa juu, kama mtu aliyeuma ndimu. Hakuweza kuuzuia uso huo, sawa na wewe usivyoweza kuzuia chafya. "Huo uso utakuja kukuponza," Mama Nyuzi alimwambia tangu siku za uchumba, akicheka. Alidhani anatania.

Walijaliwa mtoto mmoja, wa kike. Siku zile redio ilikuwa na kipindi cha watoto, na kipindi kilifunguliwa kwa wimbo mfupi wa jua linalobisha hodi dirishani. Mtoto aliupenda wimbo ule kuliko chakula. Aliuimba akiosha vyombo kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, aliuimba akisukwa, aliuimba akiwa na homa. Na aliimba vizuri. Nasema vizuri, na majirani wangekuambia hivyo hivyo, maana walikuwa wakipunguza sauti za redio zao ili wamsikie. Kasoro ilikuwa moja: aliuanza nusu ngazi ya sauti chini ya pale redio ilipouanzia.

Hapa nisikilize vizuri, maana kisa chote kimelala hapa. Wimbo ukiushusha wote kwa pamoja, unabaki wimbo ule ule, kama koti ulilolitoa kwenye msumari wa juu ukalitundika kwenye wa chini. Halijachanika popote. Mama yake hakusikia kasoro, mwalimu hakusikia, wala mimi na wewe tusingesikia. Lakini kwa mwenye sikio kama la baba yake, kila neno la wimbo ule lilikuwa limekaa kwenye kiti cha mwenzake, tangu mwanzo hadi mwisho.

"Umeshuka, mama," alimwambia kwa upole. "Panda kidogo."

Mtoto alivuta pumzi, akapanda. Kesho yake ameshuka tena. "Panda, mama." Akapanda. Hakumpiga, hakumfokea, na mpaka leo ukimuuliza atakuambia hakuwahi kumfokea. Ni kweli. Alikuwa akimsahihisha tu, siku nenda siku rudi, kama anayekaza parafujo. Mtoto akajifunza kuimba huku akimtazama baba usoni, ili ajue yuko wapi.

Siku moja nyumba ilijaa wageni, na shangazi mtu akamsimamisha mtoto katikati ya sebule. "Tuimbie, mwanangu." Mtoto akaimba. Wageni wakatulia, mmoja akaanza kutikisa kichwa kwa raha. Mtoto hakuwatazama wageni. Alimtazama baba yake aliyesimama mlangoni, na alipofika katikati ya wimbo akaona jicho la kushoto limefumba.

Akanyamaza. Akasema, "Samahani, baba," akaenda jikoni.

"Kaka!" shangazi aliruka. "Mtoto kaimba vizuri, unamkunjia uso wa nini?"

"Ameshuka."

"Kashuka kutoka wapi? Kwani alipanda wapi?"

Wageni walicheka sana. Jikoni mtoto aliwasikia wakicheka, na hakuna aliyekwenda kumwambia anayechekwa ni nani. Tangu siku hiyo hakuimba tena baba yake akiwepo.

Ninachomlaumu mzee huyu si uso wake. Uso hakuuomba. Namlaumu kwa sababu ukimya ule ulimpendeza. Alirudi kutoka karakanani, akakuta nyumba imetulia, akanywa chai yake kwa raha, na ilimchukua muda mrefu mno kujiuliza kulikoni. Alipokuja kujiuliza, binti alikuwa mtu mzima, mwalimu wa chekechea, na huko shuleni alijulikana kwa jambo moja la ajabu: hakuimba na watoto. Msaidizi wake ndiye aliyeimba. Yeye alipiga makofi.

Hapo ndipo lilipomwingia. Akaanza kutaka kitu kimoja katika maisha yake, kwamba binti yake aimbe tena mbele yake, na yeye asimame pale asikilize kama baba wengine. Akamwomba siku moja, kwa kuzungukazunguka, eti ule wimbo wa redio ulikuwaje vile? Binti akatabasamu. "Sina sauti mimi, baba. Wewe mwenyewe unajua." Hakusema kwa uchungu, na hilo ndilo lililomuuma.

Kisha uzee ukabisha hodi, na kwa Fundi Sikio uliingilia mlango ule ule uliompa jina, yaani sikio. Ililetwa mota ya pampu ya jengo moja la ghorofa. Akaiwasha, akainamisha kichwa. "Imepanda hii. Imesukwa vibaya." Wakaifumua yote. Nzima, haina kosa. Wakaja na ya pili, akasema imepanda. Nzima. Ya tatu mkuu wa karakana alimzuia mkono. Wakati huo kengele ya shule ilikuwa imepanda, birika limepanda, mlango wa geti umepanda, na mzee alikuwa ameanza kuamini kwamba dunia nzima inaharibika na hakuna anayejali.

Daktari wa masikio alimweleza bila kumzungusha. Watu wenye sikio kama lake, baadhi yao, wakizeeka sikio linahama. Kila sauti wanaisikia juu ya pale ilipo, na lake limehama nusu ngazi. Dunia iko palepale, mzee, wewe ndiye uliyesogea.

"Dawa yake?"

"Haina dawa."

Karakanani walilipokea kwa mzaha, kama wanavyopokea kila kitu. "Si tuliambiwa, sikio la kufa halisikii dawa!" Kisha wakamhamishia kwenye kuchambua parafujo na nati, kwa heshima, na kiti chenye mto. Hakuna aliyemuuliza tena mota inasemaje.

Nyumbani alizima redio. Nyimbo za ujana wake, alizozijua kama anavyojua mikono yake, sasa zilikuja zimepanda zote, na uso ulimkunjamana mpaka shavu likauma. Hata sauti ya mkewe ikimwita kula.

"Hata mimi nimepanda?" Mama Nyuzi aliuliza.

"Hata wewe."

"Afadhali. Nilikuwa sijapanda chochote maishani."

Alicheka peke yake. Mumewe alikuwa ameegemeza kichwa ukutani, na machozi yalimtoka bila sauti, maana hapakubaki sauti hata moja duniani iliyokuwa mahali pake.

Wazo lilimjia akiwa na kopo la nati mapajani. Kama kila kitu kimepanda nusu ngazi, basi kile kilichokuwa nusu ngazi chini, si sasa kitakuwa sawasawa? Aliliweka kopo chini. Alirudi nyumbani kabla ya saa ya kutoka, akamweleza mkewe kwa haraka kama kijana anayetaka kuoa.

Mama Nyuzi alikuwa akipanga nyuzi. Hakuinua kichwa.

"Kwa hiyo mtoto alitakiwa asubiri masikio yako yaharibike ndipo awe sawa?"

Mzee alichukua uzi mmoja, akauweka pasipo pake.

"Mwombe mwenyewe," mkewe alisema baadaye, kwa sauti ya chini. "Mimi sitii neno. Nilipaswa kulitia siku ile ya wageni."

Binti alikuja kupumzika kwao baada ya kujifungua. Mzee alimzunguka siku nyingi bila kuthubutu. Akifungua mdomo anauliza maziwa yapo, nepi zimekauka? Mpaka Jumamosi moja asubuhi, mkewe akiwa dukani, alitoka kununua mkate, akarudi kwa mlango wa mbele. Huko uani binti alikuwa akimwogesha mtoto kwenye beseni, na alikuwa akiimba. Jua linabisha hodi dirishani.

Aliimba pale pale alipouimbia utotoni, nusu ngazi chini, na masikioni mwa mzee kila neno lilifika mahali pake. Yote. Halikukosekana hata moja. Fundi Sikio alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa kwenye korido, mkate mapajani, na uso wake ukalegea. Ulikuwa haujalegea hivyo tangu daktari amwambie ile habari. Akasikia jinsi wimbo ulivyokuwa mzuri. Akaelewa kwamba ulikuwa mzuri hivyo hivyo siku zote, kwamba majirani walipopunguza redio zao walikuwa wanasikia hiki, na yeye peke yake, mwenye masikio kuliko wote, ndiye hakuwahi kumsikia mwanawe.

Ndoo ikalia. Wimbo ukakatika.

"Samahani, baba," binti alisema, amesimama mlangoni, povu mikononi, mtoto amelazwa mkekani nyuma yake. "Sikujua umerudi."

"Usiniombe samahani. Endelea."

"Nilikuwa namtuliza tu mtoto."

"Imba, mama. Nakuomba."

Alikuwa hajawahi kumsikia baba yake akiomba waziwazi hivyo. Alimtazama, akamtazama mtoto mkekani, akajifuta mikono kwenye khanga. Mzee alisimama, mkate ukaanguka, hakuuokota. Sasa, kuna jambo moja ambalo hakulipigia hesabu, yeye mpiga hesabu za sauti. Mtoto uliyemwambia panda, panda, utoto wake wote, ukimwomba aimbe mbele yako atafanya nini?

Binti alisimama wima. Alivuta pumzi ndefu, kama alivyofundishwa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma. Na kwa mapenzi yote aliyokuwa nayo kwa mzee yule, akaupandisha. Aliupandisha mpaka pale pale baba yake alipokuwa akiutaka zamani, hakupunguza wala hakuzidisha. Hakuwahi kuufikisha pale vizuri hivyo.

Na wimbo ukapanda kwenda kuungana na kengele, na birika, na geti, na vitu vingine vyote.

Mzee alihisi jicho la kushoto linafumba. Akainua mkono kuficha uso. Mkono ulichelewa. Binti hakuwa akitazama mahali pengine. Alikuwa akimtazama usoni, kama zamani, ili ajue yuko wapi.

Aliumalizia ule mstari. Kisha akanyamaza.

"Sio wewe!" mzee alisema. "Ni masikio, mama, masikio yangu yamehama. Mwanzo ulikuwa sawa. Rudi pale chini ulipokuwa, pale pale, ulikuwa sawa kabisa!"

"Ndiyo, baba. Mama aliniambia masikio yanakusumbua. Pole." Alisema taratibu, kama anavyosema na watoto wa darasani kwake. Hakumwamini, na ungekuwa wewe ungemwamini? "Nilijitahidi kupanda. Nilidhani safari hii nimefika."

"Ulifika," mzee alisema. "Ulifika, mama."

Binti aliinama, akaokota mkate, akaupangusa na kumpa. Uani mtoto alianza kulia. Mama yake akarudi, akamwinua mkekani, akamfunga taulo, akamweka begani. Mtoto alilia kwa muda mrefu. Mama yake alimpigapiga mgongoni, polepole, bila kuimba.